Neno Lililofunga Hapakosi

Nchi yenyewe sitaitaja, maana wenyewe wanasoma, na wakisoma huwa wanajitafuta. Niseme tu kwamba ni nchi ya kawaida. Ina bendera, ina wimbo, ina bandari ambayo meli huikwepa, na ina Mlezi wa Taifa, ambaye picha yake imetundikwa mpaka kwa vinyozi, mwenyewe akiwa amenyolewa vizuri.

Mlezi huyu alikwenda ng'ambo kutibiwa jino. Siku ya tatu, shavu bado limevimba, wenyeji wakampeleka kutembea kwenye duka la ghorofa tano. Akakuta mlango mmoja unakuingiza kwenye sufuria, viatu, vitanda, marashi na baiskeli, na kati ya ghorofa na ghorofa kuna ngazi inayojiendesha yenyewe. Waliokuwepo wanasimulia kwamba aliipanda na kuishuka ile ngazi mara kumi na moja, walinzi wake wakimfuata nyuma wameshikana mikono. Aliporudi nyumbani, hata gwaride hajalikagua, akatamka: "Na sisi tutakuwa na duka ambalo hapakosi kitu."

Jino lilikuwa bado linamuuma, kwa hiyo hapana aliyethubutu kuuliza swali. Duka likajengwa, likaitwa Hapakosi.

Miaka ya mwanzo, na hili nalisema bila kejeli, Hapakosi palikuwa pahala. Watu walioga ndipo waende. Wauzaji walikuwa wanawake wa glavu nyeupe, wanakukaribisha kama umekuja kuposa. Nusu ya ndoa za mtaa wetu zilianzia Idara ya Vyombo, ambako kijana aliweza kushika sahani moja na binti wa watu bila kuulizwa na mtu. Jumapili tulikwenda kupiga picha kando ya sanamu za kuvalishwa nguo, zile zisizo na vichwa, na nyumbani kwangu ninayo picha ambayo marehemu mume wangu ameikumbatia sanamu na mimi ameniacha pembeni. Likatoka tawi la pili, la tatu, mpaka yakafika kumi na saba. Familia za mabibi harusi zikaanza kudai mashuka pea saba yenye chapa ya Hapakosi pembeni. Ukileta ya kwingine, bibi harusi anarudishwa chumbani anavuliwa hina.

Ngazi inayojiendesha ilijiendesha siku za umeme. Siku zisizo na umeme mtu angeweza kuipanda kwa miguu yake kama ngazi nyingine, ila palikuwa na kibao kikubwa: NI MARUFUKU KUTEMBEA JUU YA NGAZI INAYOTEMBEA. Sisi ni watu wa kufuata maandishi. Tulisimama juu yake kwa adabu, umeme ukirudi tunafika.

*

Kilichomaliza bidhaa za Hapakosi ni ubora. Iliundwa Kamati ya Ubora, na kamati haiwezi kupima ubora wa kitu ambacho haijakaa nacho nyumbani. Wakawa wanachukua sampuli. Mwenyekiti alichukua sampuli ya pasi, katibu sampuli ya godoro. Kwa makochi ilionekana sampuli moja haitoshi kisayansi, ikachukuliwa seti nzima, kisha seti ya kulinganisha. Wake zao wakapima vitenge. Mashemeji wakapima baiskeli kwa kuziendesha mpaka mikoani, na nyingine bado zinapimwa mpaka leo.

Rafu zikabaki zinatazamana. Bahati njema, shemeji wa Mlezi alikuwa na kiwanda cha vibanio vya nguo, vile vya kuanikia kwenye kamba, na kiwanda hicho hakikuwahi kusimama hata siku moja. Basi Hapakosi ikajazwa vibanio kuanzia chini mpaka juu. Idara ya Manukato vilinyunyiziwa marashi. Idara ya Vito vililazwa juu ya mahameli, kimoja kimoja, na taa yake. Idara ya Watoto vilipakwa rangi mbili. Ukiingia huwezi kusema duka ni tupu, macho hayakuruhusu.

Lakini mdomo ulikuwa unaruhusu, na hapo ndipo alipoingia Mheshimiwa Dokta Lazaro Kipanta, Waziri wa Upatikanaji. Yeye aligundua kwamba tatizo halikuwa bidhaa. Tatizo lilikuwa neno. Ni lile neno ambalo muuza duka yeyote wa mtaani hulitoa bila hata kuinua macho, ukimwuliza sukari na sukari imekwisha. Linaanza na "ha", linamalizia na "kuna", na silitaji zima kwa sababu wakati ule halikutajwa. Ikapitishwa Sheria ya Upatikanaji. Ndani ya Hapakosi wauzaji waliruhusiwa majibu matatu: ipo, inakuja, subiri kidogo.

Wanasheria wa Waziri wakaongeza kifungu cha tisa, cha kutishia. Unajua jinsi mzazi anavyosema, atakayefanya vile si mwanangu. Wao wakaandika: "Pahala ambapo mtumishi mwenye cheo atalitamka neno hilo, pahala hapo si Hapakosi tena." Walikusudia kuogopesha watu. Hawakukisoma mara ya pili.

Mwanzo watu waliambiwa "inakuja", wakaondoka zao mikono mitupu. Waziri akaliona hilo kuwa ni aibu mbele ya wageni, maana mtu anayetoka mikono mitupu analitamka lile neno kwa mikono. Ukatoka waraka: mteja akishaandikwa alichokuja kukifuata, haondoki bila hicho. Atapewa kiti.

Baada ya miezi michache duka likawa limefurika kama uwanja wa mpira. Waziri alikuja na kipaza sauti, akasimama katikati ya ngazi.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi nyingine wateja huingia dukani na kutoka. Kwetu wanaingia na kukaa. Hebu niambieni, mtu mwenye furaha anatoka? Wataalamu wa ng'ambo wanahangaika kutafuta siri ya kumrudisha mteja. Wetu hahitaji kurudi, kwa sababu hajaondoka."

Wateja wakapiga makofi. Walikuwa wamekaa, mikono haina kazi.

Sisi wa nje tulineemeka, siwezi kusema uongo. Mimi nilikuwa na birika langu la kahawa chini ya dirisha la Idara ya Mashuka, mwenzangu ana mihogo, mwingine soksi na betri. Wateja wa Hapakosi walinunua kwetu kila kitu kupitia nondo za dirisha. Ndiyo maana habari za ndani nilizipata zikiwa bado za moto kuliko kahawa.

*

Jumanne moja, saa nne asubuhi, aliingia Shomvi, fundi friji wa Kichangani, kijana mrefu mwenye kucha nyeusi na maneno machache. Akaenda moja kwa moja kwa Bi. Zaituni Mafita, mkuu wa Idara ya Mashuka na Mapazia. Bi. Zaituni alikuwa amefanya kazi pale miaka thelathini na moja. Zilimbakia wiki tatu astaafu, na mtumishi anayestaafu bila doa alikuwa anaachiwa chumba cha ghorofa ya tano akikaliacho, chenye bomba lake peke yake, mpaka kufa. Nyumba nyingine hakuwa nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu Hapakosi."

"Nataka mashuka pea saba. Naoa Ijumaa, baada ya alasiri."

"Hongera, mwanangu. Mashuka yapo. Yanakuja. Subiri kidogo."

"Yapo au yanakuja, mama?"

"Yote mawili, baba."

Mgambo wa mlangoni akaandika "shuka" kwenye daftari, akamsukumia kiti nyuma ya magoti. Shomvi akajikuta amekaa.

Jirani yake alikuwa Mzee Ngwali, mwenyeji wa kona ile. Akamtazama mkononi. "Kijana, hiyo saa ya nini? Ivue, itakutesa bure."

"Mzee, wewe unangoja nini?"

"Rangi ya nyumba. Mwaka wa nne."

"Nyumba si itakuwa imechakaa?"

"Wanangu wameshaiuza. Ila rangi naitaka."

Nikamuuzia Shomvi kikombe, akanieleza yote kwa sentensi mbili, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua. Bibi harusi wake, Siwema, alilelewa na shangazi yake, Bi. Mwashamba, mwanamke ambaye akisema kaa, hata paka anakaa. Bi. Mwashamba akatuma jibu kupitia kwangu: "Mwambie Ijumaa, alasiri, yeye na pea saba. Akichelewa, binamu yake Siwema amekuja kutoka ng'ambo, hana kazi ya kufanya na suti anayo."

Nyuma yake Siwema naye akanivuta kanga. "Dada, mwambie yule binamu anaongea kama redio ya msibani. Aje hata na magunia."

Nikamfikishia. Shomvi akanywa kahawa yake mpaka kwenye machicha, akainuka kwenda mlangoni.

"Unakwenda wapi?" mgambo akamwuliza.

"Nimeghairi. Nitanunua vibanio, niende."

"Wewe umeandikwa shuka. Ukitoka bila shuka, watu wataona kwamba shuka..." Akajiziba mdomo kwa kiganja, akatazama huku na huku. "Kaa, ndugu yangu. Usinitafutie makubwa."

Jumatano akakaa. Alhamisi akatengeneza feni ya dari ya Idara ya Mashuka, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa, na feni ikawapepea wateja wote. Wakamshukuru, wakamwambia kumbe bora wamempata. Mzee Ngwali akamchagulia pahala pazuri pa kuweka kiti, karibu na nguzo, pa kuegemea miaka ikiwa mingi.

*

Ijumaa asubuhi nilikuwa dirishani. Shomvi alisimama mbele ya kaunta, kofia ya harusi iko mfukoni, nusu imetokeza.

"Mama, sikuulizi lini," alisema. "Nataka uniambie kama vile umenizaa. Nikae, au niende?"

Bi. Zaituni akafungua mdomo, na najua kabisa lililokuwa linakuja, maana nilimsikia akilisema mara elfu. Halikutoka. Akapangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. Akatazama juu, kama vile dari zote tano ni za kioo na anakiona chumba chake na bomba lake. Kisha akavua glavu, ya kulia, ya kushoto. Nilikuwa sijawahi kuviona viganja vyake. Vilikuwa vyembamba, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua mchana kutwa.

"Baba," akasema, "hakuna."

Idara nzima ikageuza viti kumtazama.

"Umesemaje?" Mzee Ngwali akauliza.

"Hakuna. Hakuna shuka, hakuna pazia, hakuna foronya. Na hayaji. Yalikwisha mwaka ule paa la posta lilipoanguka."

"Na rangi?"

"Rangi si idara yangu, mzee wangu. Lakini hakuna."

Mzee Ngwali akajiinua taratibu, magoti yakilia. Alisimama kidogo kusikiliza miguu yake. "Sasa si mngesema," akanong'ona, na akaanza kutafuta viatu vyake.

Mgambo akaja mbio na daftari. Akalifungua, akalifunga. Alikuwa anakijua kifungu cha tisa kwa kichwa, wote walikaririshwa siku ya kuajiriwa, na nikamwona midomo inakipitia. Mtumishi mwenye cheo amelitamka. Pahala hapa si Hapakosi tena.

"Sasa hapa ni wapi?" akamwuliza Bi. Zaituni.

"Nyumba tu, baba. Ina madirisha."

"Basi na mimi naweza kwenda?"

"Nani anakuzuia?"

Mgambo akatafuta anayemzuia, akavua beji, akaiweka juu ya kaunta.

Watu wakatoka. Mlango mkuu ulikuwa hauna mazoea ya kutoa watu, ukakwama, wakang'oa nondo wakapitia madirishani, na birika langu likamwagwa. Wa ngazi ya umeme, waliokuwa wanangoja umeme urudi, walipopata habari walitazama kile kibao, wakatazamana, halafu mama mmoja mnene akashuka kwa miguu yake mwenyewe na dunia haikupasuka. Sitaki kujisifu, lakini kutoka pale dirishani mpaka tawi la pili habari ilitumia muda wa kuchemsha chai. Mpaka adhuhuri matawi yote kumi na saba yalikuwa nyumba tu zenye madirisha. Mkuu wa tawi la kaskazini alipoambiwa kwa simu alilia, akaomba alitamke yeye mwenyewe huko kwake, kwa nafasi, mara tatu.

Bi. Zaituni alishuka ghorofa ya tano na begi moja. Shomvi akambeba begi. Hakumwuliza anakwenda wapi, akamwambia tu, "Tutachelewa, mama."

*

Tulifika kwa Siwema sheikh ameshaitazama saa yake mara mbili na binamu ameshafunga kifungo cha suti. Sebule ilikuwa imejaa upande mmoja tu, watu wamebanana kama mihogo guniani, na upande wa pili ukuta mzima hauna kitu wala mtu.

Bi. Mwashamba akamtazama Shomvi, akatazama mikono yake. "Mashuka yako wapi?"

Shomvi akafungua mdomo. Bi. Zaituni akamtangulia.

"Hakuna, bibie."

Wanawake wakavuta pumzi. Binamu akakohoa kistaarabu.

"Na wewe ni nani?"

"Zaituni Mafita, Idara ya Mashuka na Mapazia. Huyu kijana amekaa kwenye kiti changu siku nne. Hakuzembea. Mimi ndiye niliyemdanganya. Hakuna."

Nilidhani sasa tutaona kitu. Bi. Mwashamba akamsogelea mpaka pua zikakaribiana, na sauti iliyotoka haikuwa ile tunayoijua.

"Wewe ni wa Hapakosi kweli?"

"Nilikuwa."

"Kabati langu la vioo," akasema. "La kuwekea vikombe. Nimeandikisha huu mwaka wa tisa, kabla ya ule waraka wa viti. Walisema lipo, linakuja."

Ndipo sote tukautazama ule ukuta mtupu, ambao miaka yote alikuwa hataki mtu akae hapo, ati kabati litapita wapi.

"Nisamehe, bibie. Hakuna."

Bi. Mwashamba akamwacha pale. Kisha akaenda kwenye ule ukuta, akageuka, akauegemea kwa mgongo, akateremka nao polepole mpaka akakaa sakafuni na miguu ameinyoosha. Macho yake yalikuwa na maji, ila mdomo unacheka.

"Miaka tisa," akasema, "siuegemei ukuta wangu mwenyewe. Sheikh, unangoja nini? Fungisha."

"Na mimi, shangazi?" binamu akauliza.

"Na wewe hakuna."

Ndoa ikafungwa. Kutoka chumbani tulimsikia Siwema akicheka kabla hata hajaulizwa kama ameridhia, wakamnyamazisha, akaridhia, akacheka tena.

Lakini si unajua watu. Habari ya Bi. Zaituni ikaenea uani, na wageni wakaanza kumjia mmoja mmoja pale alipoketishwa, kwenye kigoda kando ya ule ukuta. Wa kwanza alikuwa mvuvi wa mto wetu.

"Mama, samahani. Daraja letu, lile lililowekewa jiwe la msingi mara nne?"

"Mimi nilikuwa wa mashuka tu, jamani."

"Wewe sema tu, mama. Tutavumilia."

Akamtazama. "Hakuna, baba."

Mvuvi akashusha pumzi, akasema basi kesho anaanza kuchonga mtumbwi. Akaja mama mwenye mtoto mgongoni, anauliza dawa za zahanati. Hakuna. Akaja mwalimu, anauliza ripoti ya tume iliyoundwa kuichunguza tume. Hakuna. Foleni ikazunguka nyumba. Kila aliyetoka kwake alikuwa kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana, anatafuta sahani.

Ndipo ilipofika gari ya serikali. Akashuka Mheshimiwa Dokta Kipanta na askari wawili. Foleni ikampisha. Askari mmoja akakunjua karatasi.

"Wewe, Zaituni Mafita, unatuhumiwa kwamba leo asubuhi, mbele ya wateja, ulitamka neno..." Akasimama.

"Neno gani, baba?" Bi. Zaituni akauliza.

Askari akamgeukia Waziri. Waziri akasema, "Soma."

"Mheshimiwa, na mimi nina cheo. Nikilisoma, pengine na kituo chetu kitakuwa si kituo."

Waziri akampa yule wa pili. Wa pili akasema macho yanamsumbua. Waziri akaichukua karatasi mwenyewe, akaitazama ile sehemu, akaikunja mara nne, akawaambia wakamngoje kwenye gari. Alibaki amesimama. Watu tukajifanya tunazungumza, ila kusikiliza ni kusikiliza. Kwa wiki nzima mji ulikuwa unanong'ona kwamba Mlezi anapanga Baraza jipya la Mawaziri, na kila waziri aliyepiga simu Ikulu alijibiwa kwa ustaarabu mkubwa.

Akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba.

"Mama," akasema kwa chini. "Ile orodha mpya. Jina langu."

"Wamekuambiaje?"

"Lipo. Wanasema linakuja."

Bi. Zaituni akamtazama, na sikuona kisasi usoni mwake, labda kidogo tu.

"Hakuna, baba," akamwambia.

Waziri akabaki ameinama vilevile. Halafu akakaa chini, ukutani, karibu na miguu ya Bi. Mwashamba, ambaye alijisogeza kumpisha. Akalegeza tai, akaivua, akaitia mfukoni. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa kama wa mtu mwingine, mdogo wake hivi, na akaniuliza mimi niliyekuwa karibu kama pilau imebaki na inapakuliwa upande gani.

Nikamwelekeza uani.